Baba Mkubwa Juu ya Mringaringa

Mama ndiye aliyetangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujageuka, na siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa uani kwetu ili kutugawa. Tulikuwa wanne. Mimi ndiye mkubwa, binti wa kidato cha pili. Aliyenifuata alikuwa mvulana wa darasa la sita, halafu msichana wa darasa la tatu, halafu mziwanda, msichana mdogo ambaye bado alikuwa hawezi kuhesabu mpaka kumi bila kuiruka saba.

Aliyeongoza kikao alikuwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye koti refu la mvua alilolivaa hata jua likiwaka, na hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu kabla sijamaliza nitamtundika juu ya mti, na sitaki mtu afikiri ninalipa kisasi. Alitugawa kama alivyozoea kugawa nyama ya sherehe, kwa utaratibu, kila mtu na kipande kinachomstahili. Mvulana angeenda kwake kuchunga. Wa darasa la tatu angeenda kwa binamu yetu wa Kikatiti. Mziwanda angechukuliwa na shangazi wa Moshono, ambaye alikuwa na nyumba nzuri na hakuwa na mtoto wa kumtuma dukani. Mimi sikutajwa. Nadhani walitegemea nitaolewa.

Nikasimama, nikasema hatugawanyiki. Nikasema shule nimeiacha kuanzia siku hiyo na wadogo zangu nitawalisha mwenyewe. Sauti ilitetemeka. Magoti hayakutetemeka, na kwa kuwa gauni langu lilikuwa limeshakuwa fupi, kila mzee aliyaona.

Wazee wakanong'ona kwa Kimeru kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe baba mkubwa akasema hapendi kumnyima nafasi mtoto wa marehemu mdogo wake. Akanipa muda mpaka kipaimara cha mwanawe, miezi minane mbele. Shangazi angekuja kwenye sherehe ile na pikapu ya mumewe. Akitukuta tumesimama vizuri, angerudi Moshono na mikungu ya ndizi tu. Vinginevyo angerudi na mziwanda, na wengine wawili wangefuata kila mmoja njia yake.

Baba alikuwa mpunguza matawi. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya miruka na migrivilea, miti inayotia kahawa kivuli, kuanzia kwetu mlimani hadi mashamba ya karibu na Makumira, na kukata matawi ili jua lipite kidogo, lisipite sana. Alituacha wakati kazi ndiyo kwanza inaongezeka. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimekuwa ruksa. Maduka yalijaa, wanunuzi binafsi wa kahawa walipita na magari yao, na yeyote aliyepata nafasi alitoa majani ya migomba kwenye paa akaweka bati. Mwenye paa la majani hajali tawi. Mwenye bati jipya hapati usingizi upepo ukivuma.

Alituachia msumeno, panga, kipande cha pembe ya mbuzi kilichochongwa ncha, na kamba ya katani nene kama kidole gumba. Kamba ile ilikuwa na tatizo moja: mbuzi wetu alikuwa ameitafuna katikati. Alifuata chumvi ya jasho la baba. Nilimkemea yule mbuzi siku nzima, kisha jioni nikamwonea wivu, maana kumbe alikuwa amekula kitu cha baba ambacho sisi tusingekipata tena.

Nilikata kipande kilichotafunwa, nikabaki na kamba mbili fupi. Hapo ndipo alichonifundisha baba kiliponifaa. Ujanani alifanya kazi kwenye karakana ya kamba ya shamba la mkonge, huko chini kwenye joto, na alirudi na ujuzi mmoja tu, wa kuunga kamba bila kufunga fundo. Alinifundisha mimi kwa sababu mikono yangu ilikuwa imezoea kusuka nywele za kwaya nzima. Unafumua ncha ya kila kamba, kila moja inakupa nyuzi tatu. Unazikabilisha kama vidole vya mikono miwili. Kisha kila uzi unapita juu ya jirani yake na kuingia chini ya anayefuata, kwa zamu, huku ukifungua njia kwa ile pembe. Ukimaliza, kamba inanenepa kidogo mahali pale, kama nyoka aliyemeza panya, lakini ni kamba moja. Baba alikuwa akisema mambo mawili kuhusu fundo: kwamba linakula nguvu ya kamba, na kwamba likifika kwenye panda la mti, pale matawi mawili yanapoachana, linakwama. La pili nililishika vizuri zaidi kuliko la kwanza, kama itakavyoonekana.

Nilipomaliza kuunga, nilipitisha kamba juu ya tawi la mruka wetu nikaning'iniza gunia la mahindi. Halafu nikamning'iniza mdogo wangu wa kiume, ambaye aliomba. Halafu tukaning'inia wote wanne pamoja, tukipembea na kupiga kelele kama kima, mpaka jirani akaja kuuliza kama tumepata habari njema. Tukamwambia ndiyo.

Kilichobaki kilikuwa mkanda. Baba alikuwa akijifunga kamba kiunoni, na jioni alitembea kama mtu aliyekanyagwa na ng'ombe. Mimi sikutaka kutembea hivyo. Bahati yangu niliikuta sokoni Arusha, kwa mama mmoja wa Kilimanjaro aliyekuwa akifungua marobota ya mitumba. Kati ya makoti ya baridi na suruali za watu wanene kulikuwa na kitu cha ajabu: mkanda mpana, chini yake vitanzi viwili, pembeni pete za chuma na kulabu yenye kilango kinachojifunga chenyewe. Mama alikuwa amekitundika mbele kabisa.

Nilimuuliza ni nini.

"Mbeleko ya Kizungu," alisema bila kusita. "Mtoto unamwingiza hapa. Mguu huku, mguu huku."

Niliingiza mguu wangu. Kitanzi kikafika kwenye paja na kukaa vizuri. Nikamuuliza huyo mtoto ni wa umri gani.

"Watoto wao wanakula vizuri," alisema.

Mimi nilikuwa nimewahi kuwaona mafundi wa umeme wakining'inia kwenye nguzo, kwa hiyo nilijua ninachokitazama. Sikumwambia. Tulikubaliana nimsuke nywele Jumamosi tatu mfululizo, yeye na dada yake, na mbeleko ikawa yangu. Alinisifu kwa kuwa binti mwenye maandalizi, anayenunua mbeleko kabla ya mume.

Sasa nilikuwa na kamba na mkanda, lakini nilikuwa na ukoo pia. Kwetu mtoto wa kike akiparamia mti, watu huangalia pembeni na kumwita ashuke. Mwanamke mzima kupanda mti huku wanaume wako chini yake, hilo lilikuwa halizungumzwi hata kwa mfano. Baba alinifundisha kuunga kamba sebuleni. Hakuwahi kuniruhusu kupanda mbele ya watu.

Kwa hiyo nikatafuta saa ambayo watu hawapo. Kanisani kwetu kulikuwa na ibada mbili kila Jumapili. Ya kwanza ilikuwa fupi, ya mama wenye watoto wachanga na wagonjwa. Ya pili ilikuwa ya kwaya zote, matangazo yote na mnada wa mavuno, na ilichukua karibu mchana mzima. Nilisali ya kwanza, nikafanya kazi wakati wa ya pili. Nilivaa suruali ya baba, nikafunga kanga juu yake, na kanga niliivulia chini ya mti. Mdogo wangu wa kiume alikuwa chini, akiwa ameizungusha kamba mara mbili kwenye shina na kushika mkia wake, akinipunguzia au kunivuta. Wa darasa la tatu alikuwa njiani akiangalia. Kazi ya mziwanda ilikuwa kuimba ikiwa mtu anakuja, lakini aliimba wakati wote, kwa hiyo tukamstaafisha.

Wenye mashamba walirudi kutoka kanisani wakakuta matawi yako chini, yamepangwa, kuni upande huu na majani ya ng'ombe upande ule. Wa kwanza alikuwa mjane mmoja aliyenikubalia kimya kimya. Kisha mwalimu mstaafu. Kisha wengine, na hakuna aliyeuliza swali lolote. Waliniachia malipo barazani: debe la mahindi, maziwa, sare ya shule, siku moja jogoo aliyetufuata mpaka nyumbani bila kufungwa. Ilisemekana mimi napatana na mafundi fulani kutoka mjini. Sikukanusha. Nilipoulizwa ni mafundi wa wapi, nilisema wa huko chini, na kweli kila mti nilianza kuupanda nikiwa chini.

Tuliishi hivyo miezi saba na wiki tatu. Kilichonifichua ni kijiti. Jumapili moja nilimaliza mapema, nikaingia kanisani mwishoni mwa ibada ya pili kuimba na wenzangu, na kijiti cha mgrivilea chenye jani lake kilikuwa kimesimama juu ya kichwa changu kama bendera. Baba mkubwa alikuwa amekaa mbele na wazee wenzake. Alikitazama tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Alikuja nyumbani Ijumaa, siku mbili kabla ya kipaimara cha mwanawe. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, akazunguka nyumba. Aliona magunia ya mahindi. Aliona sare. Alifungua chungu cha maharage akakifunga. Nikaona uso wake unalegea, na kwa dakika nzima nilifikiri tumepona. Halafu akauliza vyote hivi vimetoka wapi.

Ningeweza kusema mafundi wa mjini. Nilisema ukweli, kwa sababu alikuwa amenitazama machoni kama baba.

Alikaa kwenye kigoda, akakiri kwamba nimewalisha vizuri kuliko alivyotegemea. Kisha akasema hilo halibadilishi kitu. Siku watu watakapoona binti wa ukoo huu yuko juu na wanaume wako chini, jina litakalotajwa litakuwa lake. Mtu akimuuliza yeye msichana huyu analelewa na nani, jibu liwe lipi? Kwa hiyo uamuzi wa kikao ulibaki palepale, nami niliambiwa nifungashe nguo za mziwanda. Shangazi angefika kesho yake.

Nilifungasha. Nguo zake zote zilienea kwenye mfuko mmoja wa plastiki, na nafasi ikabaki. Yeye alifurahi kusafiri kwa pikapu. Aliniuliza kama mimi nitakaa mbele au nyuma.

Jumamosi asubuhi tulikwenda wote kwa baba mkubwa kusaidia maandalizi, na mfuko ule nikautundika kwenye msumari wa ukuta wa jiko lake. Palikuwa na wakina mama wa umoja wa kanisa, kama kumi hivi, wakimenya ndizi na kumsema kila ambaye hakuwepo. Shangazi alikuwa ameshafika. Na juu ya bati jipya la baba mkubwa, hasa mahali ambapo turubai la wageni lilipaswa kufungwa, palikuwa na tawi lililokauka la mti mkubwa wa mringaringa, nene kama kiuno cha mtu, lililolia kila upepo ulipopita. Fundi aliyeahidi kuja kulikata alikuwa hajatokea hata kufika saa nne.

Mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, akasema, kana kwamba anaongea na sufuria, kuwa vifaa vya kazi hiyo viko kwa mtoto wetu hapa.

Baba mkubwa akajibu kuwa vifaa vitakuja na mtoto atabaki chini. Atapanda mwenyewe. Aliwahi kupanda minazi Pangani ujanani, alisema, jambo ambalo mkewe alilisikia kwa mara ya kwanza.

Nilileta kamba na mbeleko. Sitadanganya: tangu asubuhi nilikuwa nimevaa suruali na fulana ya baba chini ya gauni. Sikuwa na mpango wowote. Nilivaa tu, kama mtu anavyobeba mwavuli.

Alivaa mbeleko juu ya suruali yake ya kanisani na buti za mpira. Wakina mama waliacha kumenya. Kisha akaichukua kamba akaipitisha mikononi kwa uangalifu, kipande kwa kipande, mpaka akafika pale iliponenepa.

"Fundo liko wapi?" aliuliza.

Nilimwambia hakuna fundo. Nikamwonyesha nyuzi zilivyopita juu na chini. Akavuta, akanusa, akasema kitu kilichoungwa bila fundo hakijaungwa, kimewekwa karibu tu. Akakunja kamba palepale kwenye maungio na kupiga fundo lake, lile la kufungia ng'ombe dume, kubwa kama ngumi.

Nilimwambia, kwa heshima, fundo lile litakwama kwenye panda.

Alisema alianza kufunga ng'ombe kabla baba yangu hajaota meno.

Nilimwambia mara ya pili, kwa sauti ambayo wakina mama waliisikia. Mara ya tatu sikumwambia. Nimejiuliza miaka mingi kama ilinipasa kumwambia mara ya tatu, na jibu langu hubadilika kulingana na hali ya hewa.

Niseme maneno machache kuhusu ile kamba, ili kila kitu kieleweke. Ilitoka kiunoni kwake, ikapanda mpaka panda la juu la mringaringa, ikapita hapo na kurudi chini, na mdogo wangu wa kiume akaizungusha kwenye shina. Baba mkubwa alipokuwa akipanda kwa ngazi, kisha kwa matawi, kamba ilikuwa imelegea, na mdogo wangu aliivuta polepole. Fundo lilipofika kwenye panda lilisita, akalivuta kwa nguvu, likaruka likapita upande wa pili. Baba mkubwa aliliona likipita. Alinitazama kutoka juu kwa ushindi ambao sitausahau.

Na kazi aliifanya vizuri. Haki yake nampa. Alikata kwa chini kwanza ili gome lisichanike, kisha juu, na tawi likaanguka nyuma ya zizi bila kugusa bati. Wakina mama walipiga vigelegele. Akafungua mikono, akaacha mti, akakaa kwenye mkanda kwa uzito wake wote, na kumwambia mdogo wangu amshushe.

Alishuka kama hatua nne. Kisha fundo likarudi kwenye panda, safari hii likiwa na mzee wa kanisa mzima nyuma yake, likajikaza hapo kama meno.

"Shusha," alisema baba mkubwa.

"Nimeachia," alisema mdogo wangu, akainua mikono yote miwili kuonyesha. Kamba ya upande wake ilikuwa imelala chini kwenye majani ya ndizi.

Baba mkubwa alining'inia. Ngazi ilikuwa mbali chini yake, shina lilikuwa mbali kidogo na mkono wake, na upepo wa mlimani ulimgeuza taratibu, akaangalia kwanza kilele cha Meru, kisha zizi, kisha barabara. Barabarani ndipo wageni wa mbali, waliokuja kulala, walipokuwa wakiingia. Kila aliyeingia alimtafuta mwenye nyumba, akaonyeshwa juu. Hakuna aliyejua adabu inataka nini, kwa hiyo walifanya walichozoea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibuni, karibuni, kuna viti." Na upepo ukamgeuza upande wa zizi, akamaliza kuwakaribisha akiwa amewapa mgongo.

Shangazi aliuliza kama aitwe yule fundi. Fundi hakujulikana alipo. Wanaume wawili watatu walitazama mti, wakatazama viatu vyao. Hapo mama mkubwa akanitazama mimi, na wote wakanitazama mimi, kisha wote wakainua macho kumtazama yeye, kwa sababu kila mtu pale aliijua sheria na aliyeitunza.

Nikasogea chini yake.

"Baba mkubwa," nikasema, "nipande?"

Alikuwa akiangalia mlima. Alisema kitu.

"Sikusikia, baba mkubwa. Upepo."

Ilibidi asubiri mpaka upepo umrudishe upande wetu. "Panda," alisema, na safari hii alisikika mpaka kwa wachuma kahawa wa jirani.

Nikavua gauni. Kulipoonekana suruali, wakina mama waliguna kwa pamoja kama kiitikio. Nilikuwa na kamba ya pili, ya nailoni, aliyonipa dereva mmoja wa lori kwa kumshonea turubai, na mwisho wake nilikuwa nimesuka kitanzi. Nikajifunga, nikapanda ngazi, nikapanda matawi, nikampita baba mkubwa begani. Tulipokuwa uso kwa uso nilimsalimu tena, kwa sababu sikujua la kufanya. Aliitikia.

Juu yake nilipitisha nailoni kwenye tawi zima, nikashusha kitanzi na kukibana kwenye kulabu ya mkanda wake, na mkia nikauangusha chini. Mdogo wangu wa kiume aliushika, akaushika wa darasa la tatu, akaushika mziwanda, na nyuma yao wakapanga mstari wakina mama wote wa umoja na mikono yao ya utomvu wa ndizi. Walivuta. Baba mkubwa akapanda juu shubiri moja, na fundo likalegea.

Nilipiga magoti kwenye panda na kulifungua kwa pembe ya mbuzi. Lilikuwa limekaza vibaya, lilichukua muda, na kwa muda wote huo tulikuwa karibu kiasi cha kunong'onezana.

"Umelifungua?" aliuliza.

"Nimelifungua, baba mkubwa."

"Sasa nimeshikwa na nini?"

"Kwa sasa na wakina mama. Wakiachia, na maungio yangu."

Akafikiri. Chini mmoja wa wakina mama aliuliza kama wanaruhusiwa kupumzika.

"Huwa inashika vipi?" aliuliza, na hakuwa akinitania.

Nilimweleza kama baba alivyonieleza. Kila uzi uko juu ya mmoja na chini ya mwingine. Ukiuacha hivihivi unaweza kuuchomoa kwa mkono. Ukiuvuta, nyuzi zinabanana, na kadiri unavyovuta zaidi ndivyo zinavyozidi kukataa kuachana. Nikamwambia tulishaning'inia hapo wote wanne.

"Wote wanne," alisema.

"Na kupembea."

Alitazama chini. Sijui aliona nini. Mimi niliona mdogo wangu ameshika kamba mbili, moja kila mkono, na wadogo zake wawili wamejining'iniza kwenye mkia wa nailoni, miguu ya mziwanda ikiwa haigusi ardhi.

"Haya," alisema. "Nishusheni."

Wakina mama wakalegeza. Uzito ukarudi kwenye katani. Maungio yakapanda kutoka upande wa mdogo wangu, yakafika kwenye panda mbele ya macho yangu, yakanyooka, yakapita laini kama kamba nyingine yoyote. Baba mkubwa akashuka bila kutikisika, ameshika kamba kwa mikono yote miwili, macho yamefumbwa, midomo ikisema kitu ambacho nadhani kilikuwa sala ya Bwana kwa sababu alifika ardhini penye amina.

Hakunishukuru. Alijivua mbeleko, akajipangusa suruali, akaichukua ile kamba na kuvuta maungio kwa nguvu zake zote mara mbili. Akaiweka chini. Kisha akaelekea jikoni kunywa maji, na mlangoni akauona mfuko wa plastiki umetundikwa kwenye msumari. Akausogelea, akachungulia ndani, akageuka kututazama wote kwa mshangao mkubwa.

"Nguo za huyu mtoto zinafanya nini humu?" alisema. "Nani kamwambia anasafiri?"

Shangazi alifungua mdomo. Mama mkubwa alimwekea mkungu wa ndizi mikononi, mzito, na mdomo ukafungwa. Baba mkubwa akautoa mfuko kwenye msumari, akanikabidhi, akasema nyumbani kwa watu nguo za watoto huwekwa sandukuni. Mziwanda alilia sana. Alikuwa ameahidiwa pikapu.

Kikao kingine hakikuitishwa kamwe. Wadogo zangu walikulia nyumbani kwetu, chini ya mruka wetu, na mvulana alimaliza shule na dada zake nao kwa zamu yao.

Lakini sheria ni sheria, na baba mkubwa hakuwa mtu wa kuivunja mbele ya ukoo. Aliirekebisha. Jumapili iliyofuata kipaimara, baada ya ibada ya pili, aliwaambia wanaume pale nje kwamba ni kweli haifai wanaume kutazama mwanamke akiwa juu ya mti. Kwa hiyo wasitazame. Kuanzia hapo, kila nilipopanda, wanaume waliokuwa chini waligeuka na kunipa mgongo, wakazungumza habari za wanunuzi wa kahawa kwa sauti kubwa mpaka nishuke. Nilifanya kazi miaka mingi juu ya migongo ya wanaume wa kwetu. Nawatambua wengi kwa visogo.

Baba mkubwa peke yake alikuwa akigeuka, mara moja tu, kabla sijaacha ngazi.

"Hakuna fundo?" aliuliza kila mara.

"Hakuna, baba mkubwa."

"Haya," alisema, na kugeukia kahawa.